Kitambaa cha Ng'ombe Aliyedungwa Sindano

Takwenya, mama zangu. Habari zenu, dada zangu. Asanteni kwa kuitikia, ingawa nimewaona wawili pale nyuma wakigeuka kumtafuta mwanamume aliyesalimu. Msimtafute, ni mimi. Hii si homa na kipaza sauti hakijaharibika. Sauti ni yangu, na nitawaeleza nilikoipata.

Mwenyekiti wenu alinipigia simu wiki iliyopita. Alisema katika kikundi chenu cha mazoezi kuna wasichana wanaobeba vyuma kwa bidii, na mmoja wao amepewa chupa ya dawa ya kujaza misuli na bado hajaamua. Hakunitajia jina, na mimi sikuuliza. Leo nami sitamtaja mtu yeyote. Msidhani ni upole. Mwenyekiti ameniomba, na ukumbi huu ni wa kanisa.

Najua pia kwamba ushuhuda mzuri humalizika kwa msamaha. Mtu huanguka, hulia, huinuka, husamehe, kisha tunaimba. Wangu una kuanguka na kuinuka. Hayo mengine tutayaona tukifika.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya upili, si mbali na hapa Kitengela. Nilikuwa na digrii, miwani na mume. Digrii na miwani ningali navyo. Mume alinizaba kofi siku moja kwenye sherehe ya kwao, mbele ya ndugu zake wote, kwa sababu alikuwa akisimulia habari za ukoo wao akakosea mwaka wa ukame, nami nikamsahihisha. Nilianguka juu ya sufuria ya chai. Kofi lenyewe lilipoa kabla ya chai. Kilichobaki ni kwamba watu walicheka, naye akacheka nao, kisha akamalizia hadithi yake kwa mwaka uleule wa uongo.

Niliondoka na sanduku moja. Ndugu zangu, nawaambia bila haya, sikuondoka kutafuta amani. Niliondoka kutafuta mikono. Nilitaka siku moja nisimame mbele yake na mbele ya watu walewale, nikiwa na mikono ambayo angeitazama na kumeza mate.

Wakati huo hapa Kitengela kulikuwa na jimu moja ya mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Vyuma vyake vingi havikuwa vyuma, vilikuwa mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, kila ncha ya bomba mkebe mmoja. Mwenye jimu nitamwita Kocha, kwa kuwa yeye mwenyewe alijiita hivyo. Kwa miaka miwili nilibeba saruji yake bila dawa yoyote. Nilikula maharagwe, mayai, na maziwa niliyoletewa na mama yangu kutoka Mashuuru. Nilipata mabega. Nililala vizuri. Mama, yeyo kama tunavyomwita, alinibonyeza mkono akasema sasa naweza kumshika ndama mwenyewe wakati wa chanjo. Ningeachia hapo, leo ningekuwa naanzisha nyimbo. Ndiyo, nilikuwa mwanzishaji. Wanawake wa kwetu wakikusanyika, mimi ndiye niliyerusha sauti ya juu kwanza, nyembamba kama filimbi, ndipo wengine wakaitikia. Digrii nilipewa na chuo, lakini ile sauti nilizaliwa nayo.

Kisha yakatangazwa mashindano ya kutunisha misuli mjini Kajiado, na safari hii wanawake walikuwa na kundi lao. Nikasikia kwamba kwenye meza ya wageni atakuwapo yule bwana wangu wa zamani. Nilimwambia Kocha nataka kushinda. Alinizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe siku ya soko, akatikisa kichwa.

"Madam, mwili wa mwanamke uko na breki," akaniambia. "Hii inatoa breki."

Akaniwekea chupa mkononi. Nikajiona mwerevu, nikamuuliza gari lisilo na breki huenda wapi.

"Mbele," akasema.

Nilicheka. Chupa ilikaa kwenye mkebe wangu wa unga wiki tatu. Hapo ndipo alipo mmoja wenu sasa, kwenye zile wiki tatu, kwa hiyo naomba anisikilize vizuri. Karatasi ya chupa ilikuwa imebanduliwa, lakini si yote. Zilibaki pembe za fahali na mstari mmoja wa kipimo kwa kila kilo. Mtoto wa mfugaji haogopi sindano. Nimedunga ndama tangu nina miaka tisa. Basi nilichukua kikokotoo cha shule, nikamgawanya fahali kwa mwalimu, nikapata jibu hadi desimali mbili. Mtu ambaye hajasoma angeuliza kwa nini dawa ya fahali iingie kwa mwalimu. Mimi niliuliza tu ni kiasi gani.

Nikajidunga. Na mikono ilikuja, sitawadanganya. Ilikuja upesi mno. Siku zangu za mwezi zikakoma. Chunusi zikajaa mgongoni, ndevu zikachungulia kidevuni, nami nikawa nazing'oa kabla ya gwaride la asubuhi. Hasira nayo ilitaka kazi. Nilivunja mlango wa ofisi ya walimu kwa sababu ufunguo ulikuwa mgumu. Halafu sauti ikaanza kukwaruza. Kocha akasema ni vumbi. Wanafunzi wakaanza kunijibu "ndiyo, sir," na ninawaapia hawakuwa wananikejeli. Walikuwa wanaandika vichwa vikiwa chini, na masikio yao yaliwaambia hivyo.

Siku ya mashindano nilishinda. Nilisimama jukwaani nimepakwa mafuta kama chapati, na yule bwana alikuwa mstari wa mbele. Nilikunja mikono yangu yote miwili nikimtazama machoni. Akapiga makofi. Alipiga kwa moyo safi kabisa, kisha akainama kwa jirani yake kumuuliza mimi ni nani. Hakunitambua. Nikapewa kipaza sauti nitoe shukrani. Nilipofungua kinywa ukumbi wote ukaangua kicheko, naye akacheka kicheko kilekile cha sufuria ya chai. Mwili mzima nilikuwa nimeubadilisha kwa ajili ya mtu huyo, nikawa nimempa sababu ya kucheka mara ya pili.

Nilikwenda Mashuuru na kikombe changu cha ushindi. Yeyo alikipokea, akakitazama ndani kama kuna maziwa, akakiweka chini. Aliniona nikichechemea, akanikalisha, akapandisha sketi. Kwenye paja palikuwa na uvimbe wa moto, mahali nilipozoea kudunga. Akaomba kuona dawa. Nikamtolea chupa kwenye mkoba. Mama yangu hakwenda shule hata siku moja, lakini hakuna chupa ya ng'ombe asiyoijua kwa umbo lake na kifuniko chake.

Sasa niwaeleze desturi ya kwetu, kwa walio wageni. Ng'ombe akidungwa dawa, hufungwa kitambaa shingoni. Kila anayekwenda kukamua akiona kitambaa anajua kwamba maziwa ya huyu hayanywewi na nyama yake hailiwi mpaka siku zake ziishe. Yeyo aliigeuza chupa mkononi, akairudisha mkobani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ng'ombe tunamhesabia siku. Wewe siku zako zinaisha lini?"

Mwalimu wa historia, mwenye kikokotoo, nilikuwa nimepiga hesabu ya kipimo tu, si ya siku.

Akachana ukingo wa shuka lake jekundu, akanifunga kitambaa kwenye mkono. Akasema atakifungua yeye mwenyewe, siku ambayo mwezi wangu utarudi. Asubuhi yake akanipeleka zahanati Kajiado. Yule sista aliyenipasua jipu hakunicheka wala hakunihubiria. Aliniambia wazi kwamba mengine yatarudi na mengine hayatarudi, na kwamba kooni breki ikishatoka haifungwi tena. Nilifundisha na kile kitambaa karibu mwaka mzima. Kilinuka moshi na maziwa. Mwezi ulirudi asubuhi moja nikiwa darasani. Nilipanda gari siku hiyohiyo hadi Mashuuru, yeyo akakifungua, akakifua, akanikabidhi. Sauti haikurudi. Jioni ile wanawake waliimba, mtu mwingine akaanzisha, nami nikaitikia kutoka chini, kwenye upande wa wazee wa kiume.

Sasa tumefika kwenye msamaha.

Niliporudi Kitengela nilikuwa nimepanga kumvunja Kocha mbavu, na uwezo nilikuwa nao. Nikafikiri nikaona mbavu hupona. Basi Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikwenda na kiti changu cha kukunja nikaketi nje ya lango la jimu yake. Sikumtukana na sikubeba bango. Kila mwanamke aliyekuja nilimsalimu tu: "Habari yako, dada?" Kwa sauti hii. Akishtuka, nilimwambia, "Ni zawadi ya Kocha. Karibu ndani." Wengi hawakuingia. Miezi sita, kila Jumamosi. Nilisahihishia mitihani pale.

Akafunga, akahamia Rongai, kule Kware. Nilimpa wiki mbili azoee mtaa, kisha nikaenda na kiti changu. Akafunga Kware, akafungua Matasia. Nikapanda pikipiki, kiti kikiwa mgongoni. Siku hiyo alitoka akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa amekonda.

"Madam, nisamehe basi," akasema. "Niko na familia."

Nilimtazama. Nikafurahi kumwona chini vile, na mnaweza kuniombea kwa furaha hiyo.

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Jumamosi saa nne nitakuwa hapa."

Mchungaji wangu anasema huo si msamaha. Mchungaji wangu sauti yake ya kuimba bado anayo.

Yeyo sasa amelala, Mungu amrehemu, nami namshukuru kwa shuka lake. Namshukuru yule sista wa Kajiado. Nawashukuru walimu wenzangu waliounga ule mlango bila kuuliza. Nawashukuru ninyi wanawake wa vyuma, kwa sababu vyuma havina kosa. Bado nabeba, mara tatu kwa wiki, polepole, kwa mwili wenye breki zake zilizobaki. Binti zangu, jengeni mikono, ni yenu. Lakini jiulizeni mnamjengea nani. Mimi nilimjengea mtu ambaye hakunijua nilipomwonyesha.

Jambo la mwisho. Nimesikia kwamba Kocha amerudi Kitengela, na nadhani najua ile chupa ilitoka wapi. Kesho ni Jumamosi. Kiti kiko kwenye buti ya gari.

Na kitambaa ni hiki hapa mezani. Chupa iko kwenye mkoba wa mmoja wenu; akiamua, aiache hapo kando ya kitambaa. Sitauliza ni nani, wala sitatazama meza. Mkimaliza sala nitakuwa nimesimama pale mlangoni, na nitamsalimu kila mmoja wenu akitoka. Mmoja mmoja, kwa sauti hii.