Bi. Itsue Manabe na Upepeo wa Juu ya Mlango

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuchana mianzi katika karakana yetu ya pepeo za mkono hapa Marugame, Japani, Bi. Itsue Manabe anastaafu tarehe 31 Machi. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilikuwa na maneno yangu mazuri tayari, ya heshima na tabasamu. Yote nimeyatupa. Yaliyotokea Jumanne iliyopita mliyaona wenyewe.

Haya, tuanze kwa adabu. Bi. Itsue aliajiriwa akiwa kijana, akakalishwa kando ya marehemu Mzee Fukuzaki, mwanzilishi wetu, kujifunza kazi ambayo wengi huishia kujikata vidole. Kipande kimoja cha mwanzi: nusu inabaki mpini, nusu inachanwa njiti nyembamba, na rula haitumiki, ni macho na vidole tu. Njiti zikishasukwa uzi na kutanuliwa kwa upinde mwembamba wa mwanzi, kiunzi kinakuja kwetu sisi wabandikaji karatasi. Vya Bi. Itsue nilivijua hata nikifumba macho.

Akiwa kazini aliugombeza mwanzi kama mtoto mtundu. "We, tulia! Unakwenda wapi?" Na mwanzi, nawaambieni, ulitulia. Tukienda kula tambi nene za udon alikuwa anamaliza bakuli la pili sisi tukiwa bado tunapuliza la kwanza. Halafu kuna lile la nyumbani kwake. Mwaka juzi, katikati ya joto la Agosti, nilikwenda kumjulia hali, nikakuta feni tatu za umeme zinazunguka. Upepeo hakuna hata mmoja! Nikamuuliza kulikoni. "Siku nzima natengeneza pepeo," akanijibu, "halafu nyumbani tena nijipepee nazo? Una wazimu wewe?" Nilidhani sitashtuka zaidi ya hapo maishani.

Kumbe Jumanne ilikuwa inakuja.

Sote tunaujua upepeo wa Mzee uliotundikwa juu ya mlango. Ndio kigezo chetu. Kila anayejifunza kuchana, kazi yake hushikwa chini ya ule, na mwanawe Mzee, yaani Bwana Fukuzaki wetu wa sasa, huzilinganisha. Wa Mzee uso wake umelala kama shuka iliyopigwa pasi. Wa mwanafunzi, njiti moja ikizidi unene kidogo tu, karatasi inapanda na kushuka. Kuugusa ni marufuku, isipokuwa Bwana mwenyewe anapoufuta vumbi Mwaka Mpya. Watu wameondoka hapa wakilia kwa sababu ya upepeo ule.

Chinami, mwanafunzi wa kuchana, alikuwa amevumilia miaka minne, na ndiye peke yake aliyebaki wa kurithi mkeka wa kazi wa Bi. Itsue. Bwana alishasema waziwazi: asipofikia kigezo kabla Machi haijaisha, tutanunua viunzi vya mashine, na kuchana kwa mkono kutakoma hapa. Jumanne akapeleka kazi yake ya mwisho. Bwana akatazama juu, akatazama chini, akatikisa kichwa.

"Bado, Chinami. Pole sana."

Chinami akainama, akarudi kwenye mkeka, akaanza kufunga kisu chake ndani ya kitambaa. Hapo Bi. Itsue akainuka, akavuta kigoda, akapanda, akautungua upepeo wa Mzee.

"Mama Itsue!" Bwana alipiga kelele. "Unafanya nini? Huo ni wa baba!"

"Najua ni wa nani. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake."

Na kabla mtu hajameza mate, akautumbukiza kwenye pipa la kulowekea mianzi.

Jamani! Mimi nilipiga yowe, sioni haya kusema. Gundi ya wanga haina ubishi na maji. Karatasi ikavimba, ikaachia, naye akaibandua kwa kidole gumba. Chini yake ikatokea karatasi nyingine! Mbili kila upande, jambo ambalo hakuna mbandikaji mwenye akili timamu analifanya. Akabandua na ya pili, njiti zikatoka nje. Moja nene, moja kama unywele, mbili zimevunjika na kuungwa kwa uzi.

"Ilikuwa wiki ya sikukuu, Mzee amelewa," alisema Bi. Itsue. "Akavunja njiti, akacheka, akaficha kwa karatasi. Kesho yake akaja mgeni mkubwa akausifu, Mzee akaona aibu kuushusha. Akaniapisha nisiseme."

"Na wote wale walioondoka?" nikamuuliza.

"Hao nawaona kila nikilala. Nilimwogopa marehemu kuliko nilivyowahurumia wao, na hilo ni kosa langu. Lakini huyu sikubali aende."

Bwana Fukuzaki alikuwa mweupe kama karatasi zetu. Akakipokea kile kiunzi, akakaa chini pale pale, kinamchuruzikia maji magotini.

"Mimi mwenyewe niliacha kuchana kwa sababu ya huu," akasema polepole. "Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba alinitazama nikiondoka kwenye mkeka. Hakusema neno."

Kisha akamgeukia Chinami. "Fungua hicho kisu. Kesho unifundishe."

Basi tangu Jumatano mkeka una watu wawili, na Bwana ana plasta kwenye vidole vitatu. Upepeo wa Mzee umerudi juu ya mlango ukiwa uchi, njiti zake zote zinaonekana.

Bi. Itsue, asante kwa kazi, kwa makelele, na kwa pipa lile la maji. Zawadi yetu ni upepeo wa Chinami, ule uliokataliwa Jumanne. Niliubandika mwenyewe, karatasi moja tu kila upande, na mawimbi yake yote yapo. Uwe na mapumziko marefu na yenye afya, Mama. Na Agosti ikifika, tafadhali, zima walau feni moja.