Kijani cha Saa Mbili

Hapa Addis, nyuma ya hospitali, kwenye vigoda vya Weizero Tsige, yaani Bi Tsige, muuza kahawa, sisi watu wa chumba cha kompyuta tuna kijiwe chetu. Juzi asubuhi mgonjwa wa wodi ya saba alifariki na kengele haikulia. Kompyuta inayofuatilia mapigo ya moyo ya wagonjwa wa wodi ile huwezi kuigusa. Ni programu inayoishi ndani ya kompyuta kubwa, na uzima wake tunausoma kwenye skrini tu: nukta ya kijani, neno "hai", na saa ilipotoa habari mara ya mwisho. Negash, mzee wetu wa zamu tunayemwita Gashe kwa heshima, alisoma, akasaini kwamba iko hai. Leo mchana anaitwa na kamati ya uchunguzi. Hajagusa kahawa yake.

— Skrini iliandika 2:00, akasema Negash. Na mimi nimeingia saa mbili asubuhi. Ningejuaje?

— Hiyo mbili ni ya kizungu, Gashe, akadakia Waziri, mwenzetu tuliyempa jina hilo kwa kuwa hapa Addis hakuna asilolijua. Ni saa nane usiku. Mashine ilikata roho usiku ule, kijani kikabaki.

— Tangu nizaliwe, saa mbili ni jua limeshatoka!

— Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— We Waziri, kibaba kimeingiaje hapa?

— Kimeingia! Nisikilizeni. Hii ni njama ya wauza programu. Pengine benki zote zilishakufa mwaka jana, sisi tunaona kijani. Umeme umekufa. Pengine hata sisi hapa tulishakufa, hatujaambiwa!

Hakuna aliyecheka. Yonatan, tunayemwita Rangi kwa kuwa skrini ile aliichora yeye, alikuwa anakwangua udongo kwa kiatu.

— Si njama, akasema. Kijani nilikiweka mimi. Kinakaa mpaka mashine iseme ina tatizo.

— Na ikifa? akauliza Negash.

— Ikifa haisemi kitu. Nilikuwa nimeweka kijivu, cha "hatuna habari". Mkubwa wetu wa kazi akasema kijivu kinatia watu wasiwasi. Nikakifuta.

— Umekifuta wewe, mwanangu, akasema Negash taratibu, na ninayeitwa ni mimi.

Nilimwonea Rangi hasira, na huruma pia. Tsige alikuwa anamimina raundi ya tatu na ya mwisho, ile ya baraka, alipofika kijana mmoja kavaa nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akasema Waziri, akimsogezea kigoda.

Hakuketi.

— Nimeambiwa nyinyi ndio wa mashine. Mama yangu alikuwa wodi ya saba, kitanda cha nne. Juzi saa mbili na robo asubuhi nilimwona kalala, nikatoka kwenda kanisani kumwombea. Niliporudi, mwili umepoa. Sikuja kugombana. Nataka kujua kitu kimoja tu: nilipomwacha, alikuwa hai bado?

Negash akamtazama Rangi. Rangi akatazama chini. Tangu saa nane usiku mashine haikuandika kitu; jibu lake halikuwa kwenye skrini yoyote. Tsige akampa kijana kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akasubiri.