Kantaben Prabhudas, Aliyeitwa Mama Kanta

Marehemu Kantaben Prabhudas alizaliwa Shinyanga mjini tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Jamnadas, karani katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Jina alilopewa ni Kanta. Hilo "ben" lililofuatia si sehemu ya jina. Kwa Kigujarati maana yake ni dada, na mwanamke huongezewa kwa heshima. Maelezo haya yangeweza kuachwa, lakini mwenyewe aliagiza yawekwe mwanzoni kabisa na yasomwe polepole, kwa sababu wengi mliofika leo kutoka Kahama mmekuwa mkiuliza tangu asubuhi kama Kanta ameshatua uwanja wa ndege. Kanta ndiye huyu aliyelala mbele yenu. Hapakuwa na mwingine. Namna mambo yalivyofikia hapo itaelezwa mahali pake.

Alianza darasa la kwanza hapa Shinyanga mwaka 1958 na kumaliza la nane mwaka 1965. Baba yake hakuona haja ya zaidi ya hapo. Shule yake ya pili ilikuwa jikoni kwa bibi yake mzaa baba, mwanamke wa Jamnagar, India, aliyevuka bahari akiwa bibi harusi, na kinu cha shaba ndani ya sanduku la nguo. Kwa bibi huyo alijifunza dawa za wanawake za Ayurveda, elimu ya Wahindi ya mwili na mimea: mizizi ya shatavari ya kumpa nguvu aliyechoka na uzazi, gome la mti wa ashoka kwa hedhi inayosumbua, uwatu kwa mwenye maziwa haba, na ladu za mzazi, vitonge vitamu vilivyotengenezwa kwa samli, tangawizi kavu na sukari guru. Alijifunza pia kile ambacho bibi alikirudia kuliko vyote, kwamba damu isiyo ya siku zake haitibiwi jikoni. Kisukuma alikipata uani, kwa wanawake waliokuja kuuza pamba na waume zao.

Tarehe 6 Mei 1972 aliolewa na Prabhudas, mwenye duka la vitenge Nyasubi, Kahama. Alikuwa mtu mkimya, mpenda redio, na waliishi kwa masikilizano. Hawakujaliwa mtoto. Mimba mbili zilimtoka, na baada ya hapo haikuingia nyingine, ingawa alikunywa kila alichofundishwa na bibi yake. Mwaka 1974 shemeji yake alihamia Uingereza na familia yake. Wengine wa jamii wakafuata, huyu Leicester, yule Toronto. Kila sikukuu ya Diwali palikuwa na taa chache kuliko mwaka uliopita. Prabhudas alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Novemba 1994. Ndugu walimsihi mjane auze duka awafuate. Alijibu kwamba huko hapajui hata pa kununua chumvi.

Kazi aliyojulikana kwayo ilianza mwaka 1978, kwenye kona ya duka hilo hilo, kwa rafu moja ya makopo. Hakumwahidi mtu mtoto. Mwanamke aliyekuja akilia kwamba mume anataka kumrudisha kwao aliketishwa, akapewa chai ya shamari, akaambiwa kwamba shatavari huupa mwili nguvu, na mwili ukipata nguvu wakati mwingine hukubali na wakati mwingine haukubali, na kwamba mume naye akapimwe. Mwenye damu isiyoeleweka hakuuziwa kitu. Alisindikizwa hospitali, mara nyingine akibishana njia nzima.

Wateja walisikia majirani wakimwita Kantaben. Katika nchi hii mama mtu mzima haitwi kwa jina kavu, basi wakamwita Mama Kanta, na waliofuata wakadhani, kama ambavyo mtu yeyote wa Kahama angedhani, kwamba Kanta ni mwanawe. Siku moja ya mwaka 1983 alifika Mageni, mke kijana wa mkulima wa mpunga, na mtoto mgongoni, kununua uwatu.

"Mama Kanta, shikamoo."

"Marahaba, mayu," alijibu kwa Kisukuma, yaani mama.

"Na huyu Kanta mbona simuoni? Yuko shule?"

Nyuma ya Mageni walikuwa wamepanga foleni wanawake wengine, wote na matumbo au watoto. Kusema "Kanta ni mimi" kulikuwa ni kusema "sina mtoto", na Kantaben alijua vizuri jinsi mwanamke asiyezaa anavyotazamwa. Nani angeshika dawa ya uzazi kutoka mkononi mwake?

"Yuko Mwanza," alisema. "Anakaa kwa bibi yake. Kaanza darasa la kwanza."

"Ee, mwache asome," alisema Mageni, na wiki iliyofuata alileta mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, akaagiza vipelekwe kwa Kanta.

Basi Kanta akakua. Kila mavuno Mageni alileta matobolwa, na kila mwaka mama mtu alilazimika kumpandisha mwanawe darasa. Mara moja alijichanganya.

"Sasa yuko la ngapi?"

"La sita."

"Mwaka juzi ulisema la sita!"

"Amerudia. Hesabu zinamshinda."

Mageni alisikitika kwa dhati. "Usimpige. Mpe samaki, samaki wanafungua akili."

"Sisi hatuli samaki, Mageni."

"Sasa unaona!"

Naznin, jirani mwenye duka la vyombo, peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Alicheka hadi akakaa sakafuni. "Kantaben," alisema, "umezaa bila uchungu." Naznin naye alihamia Dar es Salaam mwaka 2001, na tangu hapo hapakuwa na mtu Kahama ambaye marehemu angeweza kucheka naye juu ya jambo hilo.

Kufikia wakati huo Kanta alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1997 Mageni alikuja na habari njema, kwamba mdogo wake Mihayo anatafuta mke na ng'ombe anao, na kwamba Mhindi si tatizo mradi awe mchapakazi. Kantaben aliomba siku chache za kufikiri, kisha akatangaza kwamba binti amepata nafasi ya kusoma Uingereza. Wanawake walimpongeza dukani, wengine kwa vigelegele. Alifunga duka mapema siku hiyo. Baadaye alimsimulia mpwa wa mumewe, Rohit, kwa simu, kwamba alikaa jikoni akalia kama mtu aliyesindikiza mtu kweli. Hata mtoto wa kubuni alikuwa amemwacha akaenda Ulaya.

Dhahabu ilipowavuta watu Kahama na Geita, kazi yake iliongezeka. Alipanda basi na makopo yake hadi kwenye machimbo, kwa wapika chakula na wasagaji wa mawe, na akafika hadi mwalo wa wavuvi wa Nkome kwa wanawake wanaoanika dagaa. Wachimbaji walimtania kwamba anachimba duara lake mwenyewe, shimo la dhahabu lisilofurika maji. Huko machimboni, mwaka 2009, alimkuta Asteria, msichana aliyejifungua kwenye kibanda cha turubai, na baba wa mtoto ameshahamia mgodi mwingine. Alimleta Nyasubi na kichanga chake, Blessing, akamlisha ladu siku zote za arobaini. Wanawake wengine waliojifungua, aliowatunza nyumbani kwake, waliondoka arobaini ilipoisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa wote, na kila mara chumba kilibaki na harufu ya maziwa kwa siku kadhaa. Asteria alibaki. Alifungua cherehani barazani. Katika nyumba ile hapakuwa na picha hata moja ya mtoto, na Asteria alielewa mapema. Hakuuliza.

Mwaka 2022, hedhi ikiwa imekoma miaka mingi, marehemu alianza kutokwa na damu. Yeye ambaye hakuwahi kumruhusu mwanamke yeyote alale na damu ya namna hiyo alijichemshia gome la ashoka mlango ukiwa umefungwa, akanywa karibu mwaka mzima. Wanawake wa wilaya mbili walikuwa wamemletea siri za miili yao, naye hakuwa na mlango wa kubisha. Aprili 2023 Asteria alikuta vitambaa vimeanikwa chumbani.

"Mama, hii damu ya nani?"

"Nimejikata na kisu."

"Kisu gani kinakata hapo? Angekuja mtu dukani na maneno haya ungemfanyaje?"

Asteria alikwenda kuita bodaboda. Hospitali mjini Mwanza walisema ni saratani ya mfuko wa uzazi, na kwamba imechelewa.

Alitibiwa, akapata nafuu, kisha kuanzia Oktoba 2024 hakuinuka tena kitandani. Hapa ndipo yule mtoto alipomgharimu. Nyasubi, mgonjwa asiye na binti hupangiwa zamu: wanawake hugawana siku, wakimwogesha na kumgeuza. Mwenye binti huachiwa binti, maana kumtangulia ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo walikuja, wakaacha mchele, wakasimama mlangoni, wakauliza Kanta anafika lini, wakaondoka. Asteria alibaki peke yake na mwili mzito kuliko nguvu zake. Wiki zilipopita maneno yakaanza. Mtoto gani huyo? Ulaya imemfanya jiwe. Na mgonjwa, kutoka kwenye mto, alimtetea: "Msimseme Kanta. Ana mambo mengi."

Januari mwaka huu Mageni, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, aliingia chumbani akavuta kiti.

"Nipe namba yake. Nimemlea kwa matobolwa yangu, nina haki ya kumtukana."

"Mtukane tu hapa hapa."

"Yuko wapi?"

"Kanta ni mimi, Mageni. Ndilo jina langu. Mimi sikuzaa."

Mageni alimtazama Asteria, na Asteria akatazama chini.

"Na matobolwa?"

"Nilikula mimi."

"Yote?"

"Yote. Yalikuwa mazuri."

Mageni alijifunga kanga vizuri, akatoka bila kuaga. Ilipita wiki nzima bila yeye kuonekana, na marehemu alimwambia Asteria asiache mlango wazi, kwani hakuna atakayekuja. Alitazama ukuta.

Siku Mageni aliporudi, alikuja na beseni na sabuni.

"Usinisemeshe, bado nimekasirika. Geukia huku."

Alimwogesha mpaka miguuni. Kisha akauliza, "Hivi ungesema ukweli mwaka ule, unafikiri ningeacha kuja?"

"Ndiyo."

Mageni alifikiri huku akikamua kitambaa. "Labda. Nilikuwa mtoto, mjinga. Ningeondoka. Lakini ningerudi."

Kuanzia hapo zamu zilipangwa. Mageni aliwaambia wenzake wa zamu neno moja tu, kwamba Kanta hatakuja, na alipoulizwa sababu alikuwa mkali. Yaliyobaki marehemu alitaka kuyasema mwenyewe. Nguvu hazikumtosha, ndiyo sababu yamesemwa hapa, kwa maneno aliyomwachia Rohit. Aliomba waliodanganywa wamsamehe, na akaongeza kwamba hata yeye, miaka mingine, alimkumbuka Kanta kama mtu aliyepata kumwona.

Zamu hizo zilimfaa kwa wiki chache. Zilikuwa chache kwa maisha ya miaka sabini na mitatu. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Asteria alikuwa jikoni akikoroga uji, na Mageni alikuwa njiani. Aliyelala zamu alikuwa ameshakwenda kwake. Hapakuwa na mtu chumbani.

Marehemu hakuacha mtoto. Ameacha mpwa wa mumewe, Rohit, aliyefika jana kutoka Leicester, ambaye ndiye atakayewasha moto wa kuuchoma mwili, kwa desturi ya Kihindu. Ameacha Asteria, na Blessing ambaye alimwita bibi. Ameacha wanawake wa Kahama, wa machimboni na wa Nkome, ambao hakuna karatasi ya kuwatosha.

Mkeka wa wafiwa ulipotandikwa hapa asubuhi, waliopanga shughuli walikuwa hawajaambiwa chochote, wakaacha nafasi ya mbele kwa ajili ya mtoto wa marehemu. Mageni alikwenda akaikalia. Kijana mmoja wa kamati alimwinamia kwa adabu, akamnong'oneza kwamba pale ni pa Kanta.

"Najua," alisema Mageni. "Nimemshikia."

Moto umpokee kwa upole, na roho yake ipate utulivu. Om shanti. Pumzika, Kanta.