Kemondo Wananiita

Ukishuka Kemondo kutoka barabara kuu kwenda bandarini, kabla pua haijapata habari za dagaa, kuna kona yenye duka la cherehani lililofungwa siku nyingi. Hapo ndipo kijiwe kilipo. Usitafute kibao, sikiliza makelele tu. Kuna mabenchi mawili, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na ukutani limesimama sanduku la chuma la rangi ya kijivu linalomfikia mtu kifuani. Watu wa televisheni ya waya walilisimika hapo bila kumwuliza mtu, wakalipiga kufuli, wakaondoka zao. Linanguruma ndani kwa ndani kutwa nzima, na juu lina joto zuri. Wazee hawakununa. Huku kwetu mvua hainyeshi kwa kalenda. Jua unaliona asubuhi, ukigeuka halipo. Na mtu anayetengeneza kahawa ya kutafuna, akishaichemsha na majani yake ya kunukia, ataianika wapi? Karugendo alipata pa kuianika.

Kijiweni walimwita Meneja, maana mabenchi ni yake, birika ni lake, na ukikosa adabu anakuhamisha. Ila tangu walipomzika Wilbert, Meneja hakuwa na hamu ya kumhamisha mtu. Jumamosi hiyo alikaa na kikombe kilichopoa mkononi, akiwasikiliza wenzake wawili wakigombana, na moyoni mwake mlikuwa na jambo moja tu. Annastella, mjane wa Wilbert, alikuwa amemshika mkono pale kaburini akamwita baba kwa Kihaya, akamwambia, "Tata, wewe ulikuwa rafiki yake. Nitafutie aliyemwita." Naye Karugendo akaapa mbele za watu kwamba atamtafuta, na kwamba akimpata atamleta kwake kwa mikono yake mwenyewe.

Maana kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wilbert alikuwa fundi wa hizo waya. Alikaa Muleba, lakini masanduku aliyoyahudumia yalikuwa kila mahali hadi Kemondo. Jumapili ile walimbatiza mtoto wake wa kwanza. Wametoka kanisani, watu wameketi, ndizi zimeshapakuliwa, simu yake ikalia. Akaitazama, akasimama, akamwambia mkewe, "Kemondo wananiita. Nitakula nikirudi." Mvua ilikuwa inanyesha. Pikipiki ilimtupa kwenye kona, hakufika Kemondo wala hakurudi Muleba. Simu yenyewe ilipondeka, hakuna kilichoonekana humo. Ofisini kwake waliulizwa, wakaapa kwamba hakuna aliyempigia.

— Mimi naendelea kusema ni mpira, alisema Mayenga, Msukuma wa dagaa ambaye kijiwe kizima kilimwita Kamati, kwa kuwa hakuna jambo asilolitaka lijadiliwe. Jumapili ile palikuwa na mechi. Mtu picha imemkatikia, amepandwa na hasira, amempigia fundi akamporomoshea matusi.

— Mtu gani? aliuliza Lwakatare. Huyo walimwita Wakili, baada ya kuhudhuria kesi ya shamba la ukoo wao miaka mingi hadi akaanza kuzungumza kama mawakili waliomshinda.

— Mwenye televisheni kubwa ni nani hapa? Si Mwesiga wa baa?

— Una ushahidi?

— Ushahidi ni televisheni yenyewe.

Ndivyo alivyoamini na Karugendo. Mwesiga alikuwa amepita asubuhi hiyohiyo, akamwamkia kwa adabu zote, na Meneja akageuza uso akatazama jiko. Alikuwa anafanya hivyo tangu msibani. Watu waliokua pamoja, waliopeana shamba na mbegu, leo hawapeani hata salamu.

— Mimi napinga, alisema Lwakatare. Mtu haachi sahani kwa sababu ya kutukanwa. Mwanamume akiacha chakula cha ubatizo, ameitwa na mwanamke.

— Wakili! Karugendo alikitua kikombe kwa nguvu. Jina la marehemu usilichezee hapa.

— Sijalichezea, Meneja. Natoa hoja. Jiulize, kwa nini kila wiki alikuwa Kemondo? Wenye waya wako Kagoma, wako Muleba, wako kila mahali. Lakini Wilbert kila mara hapa. Alikuwa anafuata nini?

— Alikuwa anatufuata sisi! Alikuwa ananifuata mimi!

Karugendo aliona aibu, akajifanya kupuliza mkaa. Lakini ilikuwa kweli, wote waliona. Pikipiki ya Wilbert ikisikika pale juu tu, Karugendo anainuka, anaushusha ungo wake kutoka juu ya sanduku, anaondoa na gunia la kuufunika, ili fundi akute kazi yake haina kizuizi na kahawa iko tayari mkononi. Mgeni kwa Mhaya hapokewi mikono mitupu. Wilbert anatafuna punje mbili tatu, anafungua sanduku, anachungulia, anatikisa kichwa. "Sijui lina nini," atasema. "Nikifika tu, linapona. Sanduku lenu hili linanipenda, wazee." Nao wanacheka, kwa kuwa walijua anatafuta kisingizio cha kuja kukaa nao. Karugendo hakubahatika kupata mtoto wa kiume. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini pikipiki ile ikisikika, alijiona baba.

Mayenga alikohoa.

— Mimi kuna jambo sikutaka kulisema. Kule kisiwani tulikuwa na mvuvi, simu yake ilipigwa na namba ya marehemu kaka yake. Akapokea. Hakumaliza wiki.

— Nani alimpigia?

— Si nimekwambia, marehemu.

— Marehemu anapata wapi vocha?

— Wewe cheka, Wakili. Hizi waya unajua zimepita wapi? Watu wanasema nyingine zimetandikwa chini ya ziwa. Na ziwa lina wenyewe. Ukiwapitishia waya juu ya vichwa vyao, watakaa tu wanatazama?

— Kwa hiyo wa ziwani walimpigia simu Wilbert?

— Walimwita! Mwenyewe alisemaje? "Kemondo wananiita." Hakusema fulani ananiita. Alisema wananiita. Ni wengi hao!

— Sasa nikueleze mimi, kitaalamu, alisema Lwakatare, akavuta benchi mbele kana kwamba jaji ameketi. Wako watu ng'ambo wana ramani kubwa kama ukuta huu. Kila fundi duniani ni kitaa kidogo. Wanakaa na chai yao, wanambonyeza huyu, wanambonyeza yule, aende huku, aende kule. Siku ile walimbonyeza Wilbert. Huwezi kumshtaki mtu, mtuhumiwa hana hata anwani.

Karugendo aliwatazama wote wawili, machozi yakamlenga.

— Nyie waitu, ndugu zangu, mwenzenu niliapa. Yule binti anapita leo, Jumamosi anakwenda kwa mama yake. Atakaa hapa, ataniuliza, kama alivyoniuliza Jumamosi zote hizi. Nimwambie nini? Majini? Ramani?

Pikipiki ilisikika juu barabarani. Karugendo aliinuka. Miguu iliinuka yenyewe, kwa mazoea. Akaushusha ungo na gunia lake kutoka juu ya sanduku, akauweka kwenye benchi, ndipo akakumbuka kwamba anayekuja hawezi kuwa yule.

Alikuwa msichana, kofia ngumu kichwani, begi mgongoni, fulana yenye nembo ileile aliyokuwa akiivaa Wilbert.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu. Wewe ndiye mpya?

— Ndiyo mimi. Naitwa Lilian. Nimepewa njia hii ya marehemu.

Karugendo alimpa kahawa ya kutafuna. Msichana aliipokea kwa mikono miwili, akaitupa mdomoni kama mtu aliyelelewa vizuri, akafungua kufuli. Hewa ya moto ilimpiga usoni akarudi nyuma.

— Mama yangu! Hili linaungua!

— Nani kakutuma? aliuliza Mayenga. Kuna mtu hana picha?

— Hakuna aliyenituma. Limeniita lenyewe.

Wazee waligeuka wakalitazama sanduku.

— Nani amekuita? aliuliza Karugendo.

— Sanduku, mzee. Alitoa simu, akawaonyesha. Meseji ilikuwa fupi, na hata Karugendo asiye na miwani aliweza kuisoma: Kemondo. Joto limepita kiasi. — Humu ndani kuna kipima joto. Likipata joto sana linatuma meseji kwa fundi. Umeme ukikatika linatuma. Mtu akifungua mlango linatuma. Fundi asipofika linarudia, linarudia, mpaka lizime, na huku kote hakuna picha tena. Haya masanduku yanasumbua kuliko watoto. Sisi tunasema, leo Muleba wananiita, leo Kagoma wananiita. Ndiyo lugha yetu ya kazini.

Lwakatare alirudisha benchi nyuma.

— Na Wilbert? Karugendo alijisikia sauti yake ikitoka mbali. Jumapili ile?

Lilian aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima ya msiba.

— Meseji zake zote ziko kwenye kompyuta ya ofisini. Mimi nilizisoma nilipokabidhiwa njia. Ofisi waliulizwa kama kuna mtu aliyempigia, na kweli hakuna. Hakuna aliyeuliza habari za sanduku. Siku ile lilianza kumwita toka asubuhi, wakiwa kanisani. Likamwita, likamwita. Nadhani alivumilia mpaka watu wameketi kula.

Karugendo alikaa. Toka asubuhi. Jumapili ile, kabla ya kwenda ibadani, alikuwa amepita hapa na ungo mkubwa, ule wa mavuno, umejaa kahawa yenye unyevu aliyotoka kuichemsha. Mvua ilikuwa inatishia, akauweka juu ya sanduku, akaufunika na magunia mawili, yakaning'inia pande zote. Ilikuwa kahawa ya ubatizo. Mguu haukumruhusu kwenda Muleba siku ile, akasema wiki ijayo lazima afike kumwona mtoto, na hataingia nyumba ya Wilbert na kahawa ya juzi. Alitaka ikauke vizuri. Ilikauka. Ndiyo aliyoipeleka msibani, akaigawa kwa mkono wake, na watu wakaisifu.

Lilian alikuwa anapapasa juu ya sanduku kwa vidole.

— Hapa chini ya kifuniko ndipo linapopumulia. Ona, matundu yote yana vumbi jekundu. Na hiki nini? Alichokonoa kwa bisibisi, ikadondoka punje ya kahawa, kavu, nyeusi. Aliitazama, akawatazama. — Wazee, ni nani huwa anaanika kahawa hapa?

Swali jepesi kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale. Mayenga, mjuzi wa ziwa zima mpaka chini, alinywa kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Lwakatare alitazama bandarini. Wote wawili walijua, na wote wawili walimpenda Meneja, na hakuna aliyethubutu hata kupeleka jicho kwenye ungo uliokuwa pale benchini, wazi, mbele ya kila mtu.

Msichana alingoja, akaona wazee wamegeuza nyuso, akadhani amewakosea. Akapangusa matundu kwa upole, akafunga kufuli.

— Basi, tusiweke kitu juu yake. Hilo tu. Marehemu angekuwa hai angewaambia.

Akaaga, akaondoka. Birika lilikuwa limekauka likaanza kunuka, hakuna aliyeinuka kuliondoa.

— Meneja, alisema Lwakatare hatimaye, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Meneja, hukujua.

— Hata sisi tulikuwepo, alisema Mayenga. Ungo tuliuona wote. Hata mimi nimewahi kuushika.

— Mwesiga, alisema Karugendo. Leo asubuhi ameniamkia. Sikumwitikia.

— Tutakwenda kwake, alisema Lwakatare. Tutakwenda wote.

— Wilbert kila mara alikuja, nikasema ananipenda.

— Alikupenda, Mzee. Sanduku lilimwita, lakini kukaa alikaa mwenyewe. Kazi ya dakika tano, alikaa mpaka jioni. Nani alimlazimisha?

Ilikuwa kauli nzuri, huenda ndiyo kauli ya kweli pekee aliyoitoa Mayenga siku hiyo, lakini haikumfikia mtu. Karugendo alikuwa anatazama juu barabarani. Basi dogo lilikuwa limesimama, na mwanamke mwenye kanga nyeusi begani alikuwa anateremka taratibu, mtoto mgongoni.

— Ondoka kidogo, Meneja, alinong'ona Lwakatare. Nenda kule nyuma. Sisi tutamwambia hujaja leo. Sisi tutamwambia ni mvua.

Karugendo alitikisa kichwa. Aliuchukua ungo akauweka mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili.

Annastella alifika. Aliwaamkia mmoja mmoja, akamgeuza mtoto kifuani, akaketi mahali pa siku zote, karibu na Karugendo. Mtoto alikuwa ameshaota meno mawili na alikuwa na paji la uso la baba yake.

— Shikamoo, tata. Mguu unaendeleaje?

— Marahaba, mwanangu. Upo.

Kisha, kama kila Jumamosi, kama mgeni yeyote aliyelelewa Uhayani, alinyoosha kiganja akingojea punje zake za kahawa. Karugendo alikitazama kiganja hicho. Aliingiza vidole unguni, vikashindwa kutoka na kitu.

— Bado hujampata, tata?

— Nimempata.

Lwakatare alifumba macho. Annastella akamsogelea mzee, uso umemchanua kwa mara ya kwanza tangu msibani, kwa jinsi alivyomwamini.

— Ni nani? aliuliza, kiganja chake kikiwa bado kimenyooshwa.