Mama Alikuwa Kaburini, Mchungaji Akaniletea Salamu Zake

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu mnaosoma shuhuda hapa, hata zikitoka kinywani mwa mtu mwenye uchungu kama mimi!

Siku niliyofiwa na mama nilikuwa Kisenyi, Kampala, karibu na magereji, nimeshika kayamba, jasho linanitiririka, napaza sauti, "Yu hai! Yu hai!" Mtu mmoja akatoka chini ya lori, mikono imejaa grisi. Nikamtambua. Alikuwa Barasa, dereva, jirani yetu wa kule nyumbani Webuye, Kenya. Nikamkimbilia nikicheka. Akaninyooshea kiwiko nimsalimu kwacho, asinichafue, akasema, "Pole, Rispa. Pole sana kwa msiba. Hatukukuona mazishini."

"Msiba gani?"

Akawatazama wenzangu waliokuwa wakiimba, kisha akanitazama mimi. "Dada, usinifanyie mchezo. Mama yako. Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike."

Wimbo ukaendelea nyuma yangu! Na wale wenzangu, kwa vile hawakujua, wakaniashiria nirudi nipandishe sauti.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili Mchungaji Naftali Okwiri alipoleta mkutano wa injili kwetu. Alitafuta vijana wa kwenda Kampala kumtumikia Mungu miaka miwili. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Mama alinishonea sketi mbili ndefu, akaniambia, "Nenda, sikuzuii. Lakini ukisikia naumwa, njoo." Nikamwambia nitakuja. Hilo nililisema kwa kinywa changu.

Tulikaa Wandegeya, nyuma ya hosteli za wanafunzi, vijana tisa katika nyumba moja. Na nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Siku ya kwanza tulisimama mbele ya mchungaji, mmoja mmoja, tukatoa simu zetu na kusema, "Nimefunga mlango wa nyumbani." Tangu hapo watu wetu walipiga simu ya mchungaji tu. Dada Perpetua, msaidizi wake, ndiye aliyeipokea. Habari ikija, mchungaji aliingia nayo katika maombi, akaipima kama itatujenga au itatuvunja moyo. Kisha kila Alhamisi, baada ya posho, ule ugali wa Kampala, na maharage, alisimama akatugawia salamu. "Fulani, kwenu wazima. Fulani, baba anakuombea."

Ndugu zangu, sisi tuliona huo ndio utakatifu! Hakuna aliyetulazimisha kwa fimbo. Kijana mmoja, Kibet, aliomba aongee mwenyewe na baba yake, asikie sauti. Tukamcheka. Tukamwita Mke wa Lutu, yule aliyegeuka nyuma akawa nguzo ya chumvi. "Mke wa Lutu, pitisha chumvi!" Mimi ndiye niliyeanzisha jina hilo. Kibet, kama unasoma hapa, nisamehe, ndugu yangu.

Basi siku ile kutoka Kisenyi nilitembea kwa miguu hadi Wandegeya, kayamba bado mkononi. Mchungaji Naftali alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza, "Mama yangu amekufa?"

Hakukana. Alisema, "Kaa chini, binti. Simu ilikuja siku tatu kabla ya mkutano mkubwa. Wewe ndiwe sauti yetu. Ningekuambia, ungeondoka."

Nikamwambia, "Lakini Alhamisi iliyopita ulisema mama ananisalimu!"

Akasema, "Nilitaka uwe na nguvu."

Dada Perpetua alikuwa mlangoni analia. Lakini kilio chake kilichelewa miezi minne. Yeye ndiye aliyeipokea simu ile, akanitazama kila asubuhi tukichota maji, akanyamaza.

Nikaenda kwenye kibanda cha simu nikampigia kaka yangu mkubwa, Wafula. Nilidhani tutalia pamoja. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mchungaji wako alituambia ulikataa. Ulituma neno tumzike bila wewe, una mkutano. Baba alichelewesha jeneza hadi saa kumi akiangalia barabara. Usinipigie tena."

Akakata.

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Niliondoka katika nyumba ile na sketi zangu mbili. Sikutaka Mungu, sikutaka kuishi. Nilirudi Kisenyi kwa sababu sikujua pengine, nikakaa kwenye ngazi ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mama Rukia, Mwislamu, watu wa babu zake walitoka pwani zamani na biashara. Alikuwa ametuona mara nyingi tukimwimbia pale mlangoni aokoke.

Akaniuliza, "Leo huimbi?"

Nikamwambia mama amekufa. Akauliza lini. Nikaona aibu kusema. Nilipomweleza, hakusema Mungu anajua. Alisema, "Miezi minne ni ya waliojua. Wewe umefiwa leo. Inuka."

Akanipeleka nyumbani kwake nyuma ya duka, akatandika mkeka, akaita wanawake wa jirani. Siku tatu walikaa na mimi! Walipika, walinishika mkono, waliniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, nikawaeleza jinsi alivyocheka akifunika meno. Mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana binti naye huziba mdomo hivi!" Nikacheka na kulia kwa pamoja. Hakuna aliyeniambia nibadili dini. Siku ya tatu, mchana, nikajikuta naomba. Sikuomba kwa kelele. Nilisema tu, "Baba, wewe hukunidanganya." Na ule uzito wa kutaka kufa ukanitoka, ndugu zangu! Ukanitoka kabisa, haujarudi mpaka leo!

Huo ndio wokovu wangu. Mungu aliniokoa kutoka katika nyumba ya mtumishi wake, akanitibu katika nyumba ya watu niliowahesabu wamepotea. Jina lake libarikiwe! Leo napika katika kibanda cha chakula Wandegeya, naimba katika kanisa lenu hili, na wewe unayesoma ukiwa umevunjwa na watu wa dini, nakuambia mtegemee Mungu. Yeye hana msaidizi wa kumpokelea simu. Zungumza naye mwenyewe.

Lakini nimesikia Mchungaji Naftali Okwiri atasimikwa kuwa askofu, na nimeambiwa nimsamehe nikae kimya. Nimemsamehe. Kimya sikai. Baba yangu alikufa akiamini nilikataa kumzika mama. Nilipokwenda kumzika yeye, Wafula aliniweka nyuma na wageni. Nimemweleza kaka mara tatu, anasema maneno ya mchungaji na maneno ya mpishi si sawa.

Kwa hiyo, Mchungaji, neno ulilolipeleka wewe, ulirudishe wewe. Usinitumie salamu. Usimtume Perpetua. Kabla hujavaa joho hilo, panda gari uende Webuye, usimame mbele ya kaka yangu na watu waliobeba jeneza, useme kwa kinywa chako, "Rispa hakukataa. Mimi sikumwambia." Wazee wa kanisa mnaosoma haya, muulizeni atakwenda lini. Nami nataka jibu lisomwe hapa, mbele ya watu wote.