Jina Alilolitafuta Mzee Tadei

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Kama uko Sumbawanga mjini najua umejifunika, maana ukungu wa leo umemeza hata mnara wa kanisa. Sogea karibu na jiko, ongeza sauti kidogo. Mimi ni Herieth, na leo tunamkumbuka Mzee Tadei, fundi wa maji mstaafu, aliyetutoka mwezi uliopita. Tunamkumbuka Tadei, aliyefariki akitafuta jina.

Jina la nani? La bibi yake mzaa baba. Shikeni hapo hapo, msiachie.

Tadei na mkewe, Mwalimu Gaudiosa, walistaafu karibu wakati mmoja. Wenzao wakastaafu wakafuga kuku. Wao wakaitwa na kanisa lao kwenda Laela, kwenye utume wa historia za familia. Kazi yenyewe ni kuketi na wazee, kuwasikiliza, kuandika nani alimzaa nani, ili wajukuu wasije wakapotea. Begi lilishafungwa. Masweta, blanketi, na kandambili kuukuu za Tadei, ambazo Gaudiosa alizitoa sijui mara ngapi, na mzee akazirudisha.

Lakini waliambiwa: anzeni na koo zenu wenyewe. Upande wa Gaudiosa ukajaa haraka. Upande wa Tadei ukafika kwa bibi, ukakwama. Bibi alifariki Tadei akiwa bado anabebwa mgongoni. Kijiji kizima kilimwita Mama Yohanes, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye baba yake Tadei. Yohanes naye alikwisha tangulia. Jina la bibi mwenyewe? Hakuna. Kaburi halina maandishi, na vitabu vya zamani vya ubatizo viliharibiwa na mvua.

"Andika tu Mama Yohanes, twende zetu," Gaudiosa alimwambia.

Tadei akakataa katakata. "Nitamuulizaje mtu wa Laela jina la bibi yake, na la bibi yangu silijui? Siendi hivyo, Mwalimu. Nitakuwa mwongo."

Basi akaanza kuota. Gaudiosa alinisimulia tukiwa uani kwake, tunakunywa togwa ya ulezi, na nawaambieni, nilisikia baridi ya ndoto ile mwilini. Tadei anatembea, Ufipa yote ni ukungu. Wanawake wanalima matuta, majembe yanapanda na kushuka bila sauti. Mmoja amempa mgongo. Tadei anajua ndiye. Anaita, "Bibi!" Wanawake wote wanageuka kumtazama, isipokuwa yule mmoja. Asubuhi, uji ukiwa mezani, anamwambia mkewe, "Ningekuwa na jina lake, angegeuka."

Jamani! Mimi hapo nililia.

Alibaki mtu mmoja anayejua. Ni mama yake mdogo, Bertila, wa Mwazye, mjane wa baba yake mdogo. Bertila alipikia jiko moja na bibi huyo. Wakamfuata. Wakapiga magoti, wakapiga makofi ya salamu, shikamoo, marahaba, ugali wa ulezi na maharage. Kisha Tadei akauliza.

Bertila akaziba mdomo kwa kitenge. "Weee, Tadei! Huyo ni mama mkwe wangu. Mkwe anatajwa? Sijamtaja akiwa hai, nije nimtaje leo amelala?" Wakabembeleza. Wapi! Akacheka tu. "Mbona mnaye? Nendeni nyumbani. Na mnisalimie mama mkwe."

Mama mkwe aliyetumiwa salamu ni binti yao wa kwanza, Coleta. Bertila amemwita hivyo tangu akiwa mchanga. Siku zote walidhani ni utani wa kikongwe. Wakarudi Sumbawanga mikono mitupu.

Safari ya Laela ikakaribia. Coleta akaja kutoka Muze, alikoolewa, kuwasaidia kupanga vitu. Mchana ule jua lilitoka kidogo. Tadei akaketi uani, macho yamefumba nusu. "Coleta," akaita. "Coleta, mama, niletee maji." Binti alipofika na kikombe, baba yake alikuwa ametabasamu, na amekwenda. Daktari alisema ni moyo.

Sasa nisikilizeni vizuri, wasikilizaji wapendwa. Bertila alikuja msibani ameshikwa mkono huku na huku. Akalia. Akamwita Gaudiosa kwa jina. Akawaita wajukuu kwa majina, mmoja mmoja. Alipomfikia Coleta akanyamaza. Kikongwe yule akapiga magoti, akainamisha macho, akapiga makofi taratibu, anavyoamkiwa mama mkwe. Watu wakatazamana. Gaudiosa akasogea karibu. Alikumbuka siku binti yao alipozaliwa, Mzee Yohanes akampokea mikononi na kusema, "Huyu ni Coleta." Wao walidhani ni jina la sista aliyemzalisha. Hawakuuliza. Mzee akitoa jina, huku kwetu, haulizwi. Unashukuru.

"Mama," Gaudiosa akamnong'oneza Bertila, "ndiye?"

Bertila hakutaja. Alifuta machozi kwa kitenge, akaitikia kwa kichwa.

"Nililia upya," Gaudiosa aliniambia. "Nililia kwa hasira, Herieth! Mume wangu anahangaika, hapati usingizi, na jina lenyewe analiita kutwa. Coleta fagia. Coleta njoo ule."

Kwako Mwalimu Gaudiosa, kwako Coleta na wadogo zako, kwako Mama Bertila wa Mwazye, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi. Mungu amlaze Mzee Tadei mahali pema. Nimesikia Mwalimu anakwenda Laela hata hivyo, na anayemsindikiza ni Coleta. Begi ni lile lile. Kandambili zimo.

Nanyi mnaonisikiliza, leo ukiketi kula, mtazame mtoto wako, umwite jina lake. Kisha mtafute aliyempa jina hilo, kama bado yupo, umuulize: hili ni la nani? Uliza leo, tafadhali.

Mimi nina imani yangu kuhusu Tadei. Mchana ule, macho yakiwa yamefumba nusu, ukungu wake umemzunguka, aliita Coleta mara mbili. Mmoja alikwenda kuleta maji. Mwingine, naamini, aligeuka.