Siku Yake ya Mapumziko

Ndani ya basi la hospitali, fundi cherehani na dereva mstaafu walibishana, utadhani walikuwapo, juu ya askari aliyechomwa kisu akiamulia ugomvi sokoni siku yake ya mapumziko.

“Askari ni askari hata akivaa kaptura,” alisema fundi. “Daktari akikuta mtu kaanguka njiani, atasema leo sina koti?”

“Mwanangu, mgonjwa hamchomi daktari kisu. Angejipitia zake. Ana watoto yule!”

Mama aliyekaa nyuma yao, chupa ya supu mapajani, hakutulia. Fundi akisema, alimuunga mkono kimoyomoyo. Mzee akijibu, alitamani mumewe angeyasikia maneno hayo juzi.

Basi likasimama.

“Unakwenda kumwona nani, dada?” fundi alimuuliza alipoiona chupa.

“Mume wangu,” akajibu, akashuka upesi kabla hawajamuuliza kazi ya mumewe.